Sapini kwenye Mkono wa Kushoto

Wasichana wawili walioshika nafasi yangu dukani wameniomba niwaandikie namna ya kujaribu mafuta ya manukato. Niliwajibu kwamba kazi hii haiandikwi, inapakwa. Wakasema kupaka watapaka, ila niandike pia, maana naondoka na wao hawajui hata nilikuwa nanusa nini nilipokunja uso. Basi naandika, nikianzia mwanzo. Vyeo sitavitaja, dukani tulikuwa watu wawili, hapakuwa na pa kupanda. Nitakaa zaidi kwenye sapini, aina moja ya mafuta hayo, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi, na ndiyo iliyokuwa mkononi mwangu miaka ya vita.

Duka lilikuwa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, katikati ya fundi wa redio na baa ndogo. Mwenyewe aliitwa Mama Zaina, mwanamke mfupi, mjane, aliyejua mafuta ya mji mzima na nani anapaka nini. Chupa kubwa za kioo zilikaa kwenye rafu mbali na jua. Vifaa vyetu vilikuwa vichache: sindano za hospitali zisizo na ncha, za kujazia vichupa, kijiti cha kioo, pamba, na kitambaa cheupe ambacho hakuna aliyeruhusiwa kufutia jasho.

Siku ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kwenye rafu, nikafungua chupa, nikaweka pua. Mama Zaina akaja akaifunika kwa kiganja.

“Chupa iko muongo,” akasema. “Leta mukono.”

Akachovya kijiti, akanichora mstari mwembamba ndani ya mkono wa kushoto, kisha akanituma nikafagie. Nilidhani amenisahau. Lakini kila baada ya muda aliniita, akanusa, akaninusisha, akauliza neno moja tu: “Nini?” Mara ya kwanza nilisema nzuri. Akaniambia nzuri ni neno la mnunuzi, sisi hatulipwi kusema hivyo. Mara ya pili nilisema mti. Akauliza sehemu gani ya mti. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mti una sehemu puani.

Mafuta yale yalitoka Dubai, yakashuka Dar es Salaam, yakafika Kigoma, yakavuka ziwa. Karatasi ya chupa ilikuwa na maandishi ya Kiarabu ambayo Mama Zaina aliyasoma taratibu na kwa heshima, lakini Bujumbura yote iliyaita sapini, kwa jina la ule mti ambao watu wa kanisani hupamba Noeli. Yalikuwa mazito, ya kijani cheusi, kama maji ya sombe, yale majani ya muhogo, iliyochemka sana.

Sasa someni polepole, wasichana. Yakigusa ngozi tu, sapini inapiga pua: jani la msonobari limevunjwa, pamoja na ubaridi unaofanana na kafuri, na nyuma yake ukali wa tapentaini anayotumia mpaka rangi. Wanunuzi wengi hukimbilia hapo. Msiwaache watoke, waulizeni habari za nyumbani. Ngozi ikishayapasha moto, ubaridi unarudi nyuma na utomvu unakuja mbele, mtamu kidogo, wa kunata, kama pale shoka lilipopita jana. Kisha moshi mwembamba, ule unaokaa kwenye nguo za mtu aliyelala nyumba ya mlimani yenye moto katikati. Baada ya adhuhuri jani linakufa. Unabaki mti wenyewe, mkavu, kama penseli iliyochongwa sasa hivi. Alasiri ule ukavu unalainika, unakuwa mtamu, na chumvi kidogo ndani yake. Hapo si mti tena. Ni nguo iliyokaa sandukuni, na baada yake ni ngozi ya mtu. Mama Zaina aliita hapo mwisho wa mafuta, na alikataa kuuza chupa yoyote ambayo mwisho wake hajaujua.

Saa hizo si za kila mtu. Ngozi kavu huyanywa mafuta, ngozi ya jasho huyasukuma. Ngozi yenye homa huyachachusha, na mara kadhaa Mama Zaina alimrudisha mteja nyumbani akapimwe malaria badala ya kumuuzia. Kwangu mimi sapini ina haraka. Kabla ya chakula cha mchana nimeshafika kwenye penseli.

Mkono wa kushoto ulikuwa wa duka. Haukushika kitunguu, haukushika ndagala, wale dagaa wa ziwa, haukujua sabuni yenye harufu. Haukukumbatia mtu mpaka Mama Zaina anuse mara ya mwisho. Mume wangu Issa, aliyekuwa dereva wa lori, alipata kicheko cha kudumu hapo. Rafiki zake walipokuja nyumbani aliwaambia, “Muhurumieni huyu. Nimeoa mwanamuke wa mukono moja.” Vitunguu vya mchuzi alikata yeye, dereva mzima, akilia machozi na kuniapiza.

Issa alipaka sapini siku za Ijumaa. Nilimnusa kama mke, na kidogo kama mtu wa kazini, na niliona jambo ambalo lilinishinda. Kwake jani halikufa. Alirudi jioni na dizeli na vumbi la barabara, na chini yake bado kulikuwa kijani, baridi, kama asubuhi. Nilimuuliza Mama Zaina sababu. Akasema ngozi nyingine ndivyo zilivyo, na kwamba siyo kila kitu cha mume nimletee dukani.

Vita ilipokuja, biashara ilibadilika kwa utaratibu wake. Kwanza wateja wa mtaa wa Kinama walikoma kushuka mjini. Wa Nyakabiga walikuja asubuhi tu, wakinunua bila kuketi. Hakuna aliyeuliza tena mafuta yatakuwaje jioni, kwa sababu jioni kila mtu alikuwa ndani kwake na mlango umefungwa. Halafu sapini yenyewe ikaanza kuogopwa. Mafundi seremala walikuwa wakiranda mbao mbichi barabarani mchana kutwa, na kila mtu alijua zile mbao ni za kutengenezea nini. Mama mmoja Mkristo, karani wa serikali, mteja wetu wa siku nyingi, alipakwa mstari, akanusa, akanyoosha mkono tumfutie. Alichukua waridi.

Baadaye mipaka ikafungwa, na mafuta yakawa yanatoka Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, kwa njia zake, kwenye chupa za pombe, yamekatwa na mafuta ya kupikia. Haya mjifunze kuyatambua. Mwanzo ni wa kweli kabisa, jani lipo na ubaridi upo. Lakini katikati hamna kitu. Yanaruka kutoka jani hadi kimya, na mkono unabaki unang'aa kama wa mtu aliyekaanga sambusa. Miaka ile mkono wangu ulifanya kazi kuliko wakati wowote.

Ndipo Issa alipokwenda Rumonge kuleta mawese. Lori lilionekana kando ya barabara, milango wazi, mzigo hakuna, na yeye hakuna. Ndugu zake walikwenda kuuliza kila palipoulizika. Hakupatikana maiti, wala kaburi, wala mtu wa kusema nilimwona.

Hapa lazima nieleze jambo kwa ajili ya wasomaji wasio Waislamu. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki ovyo, hajipambi, na hapaki manukato. Watu wa Bwiza na Buyenzi wanalijua hilo hata wakiwa wamelala. Lakini shehe alisema mtu aliyepotea siyo mtu aliyekufa. Bila maiti na bila shahidi, mke angoje kwanza miaka ya kungoja, kisha ndipo pazungumzwe habari ya eda. Kwa hiyo nilikuwa mke wa mtu. Na kwa kuwa kazi yangu ilikuwa mafuta, kila nilipopita njiani nikinukia nilikuwa natangaza kwamba Issa yupo, bila kufungua mdomo.

Mwanzoni ilinifaa. Ilifika mahali nikawa namwomba Mama Zaina sapini asubuhi hata siku ambazo hatukuwa na sapini mpya ya kujaribu. Alinichora mstari wala hakuuliza. Asubuhi hizo, kabla ngozi yangu haijayaharakisha, palikuwa na muda mfupi ambapo mkono wangu ulinukia kama Ijumaa jioni ya mtu mwingine. Nilifanya kazi zangu zote za kuinama katika muda huo, ili pua ikae karibu na mkono.

Tatizo lilikuwa matanga. Miaka ile matanga yalikuwa kila mtaa, na mtu alikutana na watu hapo kuliko sokoni. Nilikwenda kama wengine, na niliona wanawake wanasogea kwenye mkeka. Walisogea kidogo tu, kwa adabu. Jirani yangu mmoja, ambaye hakuwa na ubaya nami, akaniinamia sikioni: “Dada, hapa tunalia. Weye unanukia harusi.” Nikaanza kusugua mkono kabla ya kwenda. Jani hutoka kwa sabuni, lakini mwisho wa mafuta hautoki, umeshaingia. Nikaacha kwenda. Na mtu asiyekwenda kwenye matanga ya wengine, hakuna anayekuja kwake kuuliza ameamkaje. Sahani za pilau zilizokuwa zikipita kwa majirani zikanipita. Jumapili duka likifungwa nilikaa na redio, na redio haikuwa na kitu cha kumfurahisha mtu.

Miaka ya kungoja ikaisha. Shehe akaniita pamoja na mamamkwe, aliyeitwa Mama Issa na mtaa wote, naye alikuwa akikaa Buyenzi. Akasema sasa jambo liko mkononi mwangu. Nikikubali kwamba mume wangu amekufa, yeye atatangaza msikitini, Issa ataswaliwa swala ya maiti asiyekuwepo, na mimi nitaingia eda. Nisipokubali, hatanilazimisha. Nilisema nitafikiri. Mama Issa aliinuka. Alijifunga kanga upya, akatoka.

Nilifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyopasa kufikiri. Wakati wote huo mamamkwe hakuwa na mkeka. Hakuna aliyeweza kwenda kumpa pole, kwa sababu mke wa mwanawe alikuwa anapita mjini ananukia. Alikuwa mama wa mtu asiye hai na asiye maiti, na ufunguo ulikuwa kwangu.

Asubuhi moja akaja dukani. Alikuja kwa miguu, amevaa kama anakwenda mahakamani. Mama Zaina akamsogezea kigoda na chai. Alikunywa yote kwanza.

“Sikuja kugombana,” akaniambia. “Nilikuja kukwambia kitu kimoja. Weye ukikuja kunisalimia, harufu inaingia mbele yako. Roho yangu inasimama, inaenda mpaka mulangoni, inaangalia. Halafu inarudi kukaa. Mi ni muzee, mwanangu. Nimechoka kuisimamisha.”

Nilimjibu ya kujibu: kwamba ni kazi, kwamba mafuta ya Uvira yasipojaribiwa tutauzia watu mafuta ya kukaangia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapandisha mkono wa baibui, akalaza mkono wake mezani, ndani juu, kama alivyoona wateja wakifanya.

“Kazi naisikia tangu umeolewa. Nipake na mimi, niione.”

Nilichukua kijiti nikamchora. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, kavu, na nilijiambia kwamba hii itayanywa mafuta kabla ya chai ya saa nne. Nikajichora na mimi, kama kawaida. Alinusa mara moja, akakunja uso, akasema hii ni dawa ya mende. Hakuondoka lakini. Alikaa kwenye kigoda kile kutwa nzima na akajifanya mtu wa duka. Alikuja mwanamume mmoja, akapakwa, akalalamika kwamba harufu ni kali. Mama Issa akamtazama juu mpaka chini. “Kaa kidogo, baba. Hata weye siku ya kuzaliwa hukuwa umenukia.” Yule bwana akacheka, akakaa, akanunua. Mama Zaina alisema kama angempata miaka kumi nyuma angefungua duka la pili.

Adhuhuri nilinusa mkono wangu: penseli. Nikanusa wake, kwa mazoea tu, huku nikizungumza na mteja. Nikaacha kuzungumza. Nilidhani pua yangu imechoka, maana pua huchoka, na dawa yake ni kwenda nje kunusa kanga yako mwenyewe. Nikatoka, nikarudi. Jani lilikuwepo.

Baada ya swala ya alasiri niliinama tena. Kwangu ilikuwa tamu na chumvi. Kwake palikuwa bado kijani, baridi, na utomvu umeshika pembeni, kama mtu aliyepakwa sasa hivi. Nilikaa nimeinama vile muda mrefu.

Mama Issa hakuwa amefundishwa kazi yetu. Aliuliza tu kama mtu yeyote angeuliza.

“Nini?”

“Jani,” nikasema.

“Na kwako?”

“Kwangu limeisha tangu mchana.”

Ndipo yeye mwenyewe akauleta mkono puani. Mwanamke amembeba mtoto, amemwogesha, amemnusa kichwa mpaka kikawa kikubwa. Baada ya hapo mtoto anakuwa mwanamume, na mama hamnusi tena ila pale anapoinama kumsalimia baada ya swala. Nilimwona anafika pale. Mama Zaina akageukia rafu, akaanza kupanga chupa zilizokuwa zimeshapangwa.

“Ah,” akasema mamamkwe. “Iko hapa.”

Akashusha mkono wa baibui, akaushika juu ya nguo kwa mkono wa pili. Nilitegemea alie, nami nilikuwa tayari kulia naye. Lakini alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu anayemaliza hesabu za nyumba.

“Kama iko hapa kwangu, basi haiko habari ya Issa kuwa muzima. Ni ngozi tu. Niliimupatia mimi.” Akanitazama. “Unaisubiri kwa mukono wako, na mukono wako hauna kitu yake. Twende tumuswalie, mama. Mi na weye.”

Niliona kwamba ni kweli, na niliiona kama ninavyoona chupa iliyokatwa, pale katikati panapokuwa kimya. Miaka yote nilikuwa nikiyashikilia mafuta yale kama mtu anayeshika upande wa pili wa kamba. Upande ule hakuwepo mtu. Nilikwenda nyuma ya duka, nikasugua mkono kwa majivu na sabuni ya mawese. Mwisho wa mafuta haukutoka, kama nilivyojua hautatoka. Tukaondoka hivyo hivyo, yeye na jani lake na mimi na mabaki yangu, mpaka kwa shehe.

Issa aliswaliwa Ijumaa. Mkeka ulitandikwa Buyenzi kwa Mama Issa, na watu walikuja, walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, kana kwamba walikuwa wamesimama nyuma ya mlango wanangoja waambiwe waingie. Wanawake walikaa wamenibana, bega kwa bega. Yule jirani wa harusi alinishika mkono wa kushoto akakaa nao kutwa. Niligundua kwamba hakuna mtu aliyewahi kuushika ule mkono mchana.

Eda niliikaa kwa mamamkwe. Nilikata vitunguu kwa mikono miwili, nikachambua ndagala, nikanuka kama watu. Dukani Mama Zaina alimweka mpwa wake kwa muda, msichana mzuri wa tabia, ambaye aliita kila mafuta nzuri. Mama Zaina alinitumia salamu kila wiki, na kila wiki zilikuwa na huzuni zaidi.

Siku ya kutoka eda, mjane huogeshwa, huvishwa nguo mpya, hupakwa manukato, ili watu wajue. Mama Issa alinifanyia yote mwenyewe. Alikuwa amepitia Bwiza akachukua kichupa. Aliponifungulia nilijua kabla hakijafika karibu. Akaniuliza kama nataka kingine, wangebadilisha. Nikasema hapana, nipake. Hakujua utaratibu wetu. Alinipaka mikono yote miwili, na shingo, kwa kiganja kizima, kama anayempaka mtoto. Kisha akanisindikiza mpaka njia ya Bwiza, akarudi kwake.

Nilifungua chumba changu, nikafagia vumbi la miezi ile, nikafua. Nilikuwa nayaandama mafuta yale bila kutaka, kwa sababu ya mazoea ya kazi. Jani liliondoka mapema. Utomvu ukapita, na moshi, na adhuhuri palikuwa penseli. Nilitoka nikanunua mkaa na mchicha. Wanawake wawili walinisalimia barabarani, mmoja akaniambia nanukia vizuri, nikamwambia ahsante. Alasiri ilipofika nilinusa mkono wa kulia kwanza, ambao kabla ya siku ile haukuwahi kupakwa kitu, kisha wa kushoto. Ilikuwa tamu, na chumvi kidogo, sawasawa pande zote mbili, na haikuwa ya mtu mwingine yeyote. Nikapika chakula cha mtu mmoja, nikala, nikaosha sahani. Kesho yake nikarudi kazini.